Nilimtafuta mzungu aliyesimama Posta kabla ya Askari (uzi wa masanamu ya Ulaya)

Dereva_Winchi:

Wakuu, kwema?

Huu uzi nimeupiga kalenda muda mrefu, kila nikitaka kuanza zamu inaingia. Leo nina mapumziko na mvua imenifungia ndani, acha niushushe. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwa msionijua, naendesha winchi bandarini hapa Dar, asili yangu Pangani. Mwaka jana nilipelekwa Hamburg, Ujerumani, miezi mitatu kwa mafunzo. Jumatatu hadi Ijumaa ni darasani na yadi, wikiendi uko huru. Wenzangu wawili walimalizia wikiendi zao kwenye masoko ya mitumba wakisaka redio za magari. Mimi nikatafuta kitu kisicho na kiingilio, nikakipata: masanamu. Unapanda basi la usiku, unashuka mji wa watu alfajiri, unatembea mpaka miguu inaomba poo, jioni unapanda basi unarudi. Chakula ni mkate na maji ya bomba.

Nianze na aliyenivunja moyo. Brussels kuna kale katoto kanakokojoa, Manneken Pis. Nimekaona kwenye picha tangu shule, nikajua ni sanamu la maana, labda urefu wa ghorofa. Nimefika kwenye ile kona, nakuta watu wamejazana, simu juu, nikadhani kuna ajali. Napenya, naangalia: katoto ka shaba hakafiki hata mita moja, kamebanwa pembeni ya ukuta, kanakojoa zake. Kalichongwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619, halafu haka kalikopo barabarani ni nakala tu ya 1965, kenyewe kamewekwa makumbusho kasiibiwe. Kana zaidi ya seti 1,000 za nguo, na nguo zina makumbusho yake. Mimi niliyetoka Dar na masweta mawili nikajiona fukara mbele ya sanamu.

Nikatembea zangu kupanda kilima mpaka Place du Trône. Hapo ndipo safari ilipobadilika. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yule aliyeimiliki Kongo, juu ya farasi, ndevu mpaka kifuani, mgongo umenyooka. Mwaka 2020, ule wa maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi, alimwagiwa rangi nyekundu. Siku niliyofika mimi alikuwa msafi, njiwa mmoja kichwani. Nikazunguka kitako chake kama ninavyozunguka kontena kabla ya kunyanyua, maana ni mazoea ya kazi, lazima ujue mzigo umetengenezwa na nini. Kuna maandishi ya Kifaransa. Nikayapiga picha, simu ikanitafsiria: shaba na bati ya sanamu hili imetoka Kongo ya Wabelgiji, imetolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Sanamu ni la 1926.

Nikasoma mara mbili nikidhani simu imekosea. Bure!

Mbele kidogo tu, pale Porte de Namur, kuna kibao cha Square Patrice Lumumba. Kimewekwa 30 Juni 2018. Hakuna farasi wala nini, ni kibao cha mtaa. Ukivuka unaingia Matonge, mtaa wa Wakongo, unanunua samaki na chikwangue (mkate wa muhogo), unasikia Kilingala, Kifaransa, na kwa mbali mtu anabishana bei kwa Kiswahili.

Nakuja na Hamburg. Ngoja ninywe chai.

Karanga_Mbichi:

Siti ya mbele, na karanga zangu. Ila mkuu picha ziko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Nazi_ya_Pili:

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

Mwana_Lushi:

Jambo ndugu. Mimi ni mutu wa Lubumbashi, niko hapa Ubelgiji miaka mingi. Ile statu ya Leopold ninapitaka pale kila siku na basi kuenda kazi, na ile maandishi niliionyeshaka watoto wangu.

Ndugu, ule mukuba (shaba) ni wa kwetu. Baba yangu alitumika ku Gécamines, kampani ya madini, na baba yake alitumika ku Union Minière, mbele haijageuka jina. Kwetu Lubumbashi kuko cheminée (bomba ya moshi) moja kubwa na mulima mweusi pembeni, ile bakiyaka wakati banachoma mawe bakitosha mukuba. Watu bote ya Lubumbashi banajua ule mulima, iko hata ku pesa ya zamani. Njo souvenir yetu ile. Farasi iko Bruxelles, takataka yake iko kwetu.

Wamoja hapa banasema balivunje. Miye ninasema: balirudishe ku Katanga, tutaliyeyusha, tutauzisha mukuba.

Karanga_Mbichi:

Mwana_Lushi umeua! Bei ya shaba sasa hivi mnatajirika.

Dereva_Winchi:

Mwana_Lushi, asante kaka. "Farasi iko Bruxelles, takataka yake iko kwetu" naiandika kwenye daftari.

Karanga, picha nitatupia wikiendi, bando langu la leo ni la kuandikia tu.

Hamburg sasa. Ukiwa gatini, ukiinua macho juu ya miti upande wa St. Pauli, unamuona mtu wa mawe amesimama, upanga mbele, mikono miwili juu yake. Ndiye Bismarck, chansela wa zamani wa Ujerumani, wamemjenga 1906. Mita 34 pamoja na kitako. Nimekaa kwenye kibanda cha winchi miaka tisa, mita 34 naijua kwa tumbo, ni ile sehemu ambayo upepo ukivuma unaanza kukumbuka madeni yako. Ndani ya kitako ni patupu, wakati wa vita ya pili watu walijificha humo mabomu yakidondoka. Uso wenyewe huuoni vizuri kutoka chini. Unaona magoti na upanga, shingo inauma, unaondoka.

Huyu ndiye aliyewakaribisha wakubwa Berlin kuanzia Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885 kujadili Afrika. Kesho yake tu, tarehe 27, kampuni ya Carl Peters ikapewa hati ya ulinzi ya Kaiser kwa zile karatasi alizosainisha machifu Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kesho yake! Wageni hata mizigo hawajafunga.

Ila mimi Hamburg sikuwa namtafuta Bismarck. Namtafuta Wissmann.

Watu wa Pangani mnajua kwa nini. Bibi yangu hakuwahi kuingia darasani, lakini Abushiri alikuwa anamhadithia kama mtu wa mtaa wa pili: alivyowatoa Wajerumani jasho, alivyosalitiwa, alivyonyongwa hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Aliyeletwa kuizima ile vita alikuwa Hermann Wissmann. Akarudi tena 1895 kama gavana, na mwaka huo huo Hassan bin Omari Makunganya na wenzake wakanyongwa kwenye mwembe Kilwa Kivinje. Mwembe wenyewe watu wa Kivinje waliuita Mwembe Kinyonga.

Sasa huyu bwana Wajerumani walimchongea sanamu, wakalipandisha meli, likaja kusimikwa Dar mwaka 1909. Wapi? Pale pale kwenye kipilefti cha Posta, Samora, lilipo leo sanamu la Askari, lile la Waingereza la 1927. Pale ambapo nimeshushwa na daladala nusu ya maisha yangu. Waingereza walipouteka mji kwenye vita ya kwanza ya dunia wakaling'oa, likapelekwa London kama ngawira, baadaye Ujerumani wakarudishiwa, na mwaka 1922 likasimama mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg.

Wengine mtawaza siasa. Mimi niliwaza mnyororo. Lile sanamu lilishuka bandarini kwetu na likapandia bandarini kwetu. Kuna kuli alilifunga kamba likiingia, na kuna kuli alilifunga kamba likitoka. Pengine ni mtu yule yule, miaka kumi tu imepita. Alisema nini kwa mwenzake? Hilo hakuna aliyeliandika.

Basi Jumamosi moja nikashuka stesheni ya Dammtor, nikaenda mpaka jengo kuu la chuo. Nazunguka kulia, nazunguka kushoto. Majani tu, na vijana wamejilaza wanakula aiskrimu. Nikamuuliza mmoja kwa Kiingereza changu cha bandarini, akanyanyua mabega. Wa pili vile vile. Wa tatu, binti, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akanijibu "Karibu sana, mimi ninasoma Kiswahili hapa." Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi, lakini kimenyooka kuliko cha shemeji yangu.

Akanieleza: wanafunzi wa hapa waliliangusha mwaka 1967, likarudishwa, wakaliangusha tena 1968, safari hiyo halikurudi. Liko stoo, kwenye kituo cha kutazamia nyota huko Bergedorf. Akanitolea picha kwenye simu yake.

Nimeikuza ile picha kwa vidole viwili. Wissmann kasimama juu, kofia kichwani, mkono kwenye upanga, anaangalia mbali. Chini ya miguu yake kuna askari Mwafrika, shingo imeelekezwa juu, anamtazama bwana wake. Na simba aliyekufa.

Kwa hiyo pale Posta askari hakuja 1927. Alikuwepo tangu 1909, ila alikuwa chini anaangalia juu. Waingereza walipoweka la kwao, walimtoa mzungu, wakampandisha askari, wakampa bunduki yenye singe ielekee bandarini. Nimepita pale miaka yote hiyo sijui kama ni toleo la pili.

Bin_Malindi:

Salaam aleikum ndugu zangu wa Dar. Uzi mtamu huu, naleta wangu kutoka upande wa Malindi.

Mimi nilizuru Lisbon, nikapelekwa kando ya mto Tagus kuonyeshwa ule mnara wao wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos. Ni jahazi la mawe, limejengwa 1960, zaidi ya mita 50 kwenda juu, mwanamfalme Henrique mbele kabisa na watu 32 wamepanga foleni nyuma yake. Vasco da Gama yumo. Chini sakafuni wametandaza ramani ya dunia ya marumaru, watalii wanaikanyaga. Nikatafuta pwani yetu kwa mguu, nikasimama hapo, kiatu kimoja kilitosha kufunika kutoka Lamu hadi Kilwa.

Kwetu Malindi, nguzo ya Vasco iko pale kwenye ncha ya mawe, nyeupe, msalaba wake umechongwa kwa jiwe lililotoka Ureno. Tukiwa watoto tulikuwa tukiruka majini kutoka kwenye yale mawe, hatujali ni ya nani. Mwaka 1498 Mombasa walimshuku, Malindi wakamkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Kalikuti, India. Hilo Wamombasa hutucheka mpaka leo, wasema sisi ndio tuliofungua mlango. Mwaka 1505 wenzake wakaja kupora Kilwa na kuchoma Mombasa.

Ila pale Lisbon, jahazi zima lile, watu 33, rubani hayumo.

Na tena, lile la Askari sio lenu peke yenu. Nairobi lipo, Kenyatta Avenue, na Mombasa pia. La Nairobi kuna mpagazi kando ya askari, na bora wamemweka, kwa sababu mizigo ya ile vita ya kwanza ya dunia ilibebwa kwa vichwa vya watu. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ndio hao. Ndipo palipotoka Kariokor yetu na Kariakoo yenu.

Baridi_Kali:

Habari wakuu, naandika kutoka Glasgow, vidole vimeganda.

Niwachekeshe kidogo. Hapa katikati ya mji kuna Duke wa Wellington juu ya farasi, la 1844, mbele ya jumba la sanaa. Kichwani ana koni ya barabarani. Ndiyo, ile ya rangi ya machungwa ya mafundi barabara. Walevi wanapanda usiku wanamvisha, halmashauri inatoa, usiku mwingine anavishwa tena, miaka na miaka. Mwaka 2013 ukaja mpango wa kuinua kitako kwa pauni 65,000 watu wasifike. Wananchi wakachachamaa kuitetea koni! Mpango ukafa. Siku hizi koni inauzwa kwenye kadi za posta.

Na kule Bristol nilienda kumuona Edward Colston, yule wa biashara ya watumwa, aliyeburutwa na waandamanaji tarehe 7 Juni 2020 akatumbukizwa bandarini. Wamemuopoa wakamlaza makumbusho na rangi zake vile vile. Nilivyomuona amelala nikaona ni mdogo kuliko nilivyofikiria. Sanamu likilala linapungua, sijui kwa nini.

Dereva_Winchi:

Baridi_Kali, kwetu ungepanda na koni kichwani mwa Askari ungeshushwa na bunduki ya kweli.

Bin_Malindi, aleikum salaam. Hilo la rubani limenipeleka moja kwa moja Berlin, kipande changu cha mwisho.

Berlin nilikwenda na miadi miwili. Wa kwanza, Wedding, mtaa unaoitwa wa Kiafrika, kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Kulikuwa na barabara ya Petersallee, yaani ya Carl Peters, yule Mkono wa Damu. Watu wakapiga kelele miaka. Mwaka 1986 mji ukacheza mchezo wa mjini shule: jina likabaki lile lile, ila wakatangaza kwamba kuanzia leo Peters tunayemkusudia ni mwingine, Hans Peters. Hahaha! Kibao hakijaguswa, mwenye jina kabadilishwa. Mwisho wakasalimu amri, Agosti 2024 wakaweka majina mapya, kipande kimoja Anna Mungunda wa Namibia, kingine Maji-Maji-Allee. Nimepiga picha pale kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Bibi mmoja na toroli lake la sokoni akaniuliza kwa ishara kama nimepotea.

Miadi ya pili ndiyo iliyonileta. Brunnenstraße 193, karibu na Rosenthaler Platz. Ukitafuta sanamu hulipati. Angalia chini. Kuna jiwe limezikwa kati ya mawe ya njia ya miguu, juu yake bamba la shaba ya njano, sentimita 10 kwa 10. Wajerumani wanayaita mawe ya kujikwaa. Aliyeyaanzisha ni Gunter Demnig, miaka ya 90, leo yamepita 100,000 Ulaya nzima, kila moja mbele ya nyumba aliyoishi mtu aliyeuawa au kuteswa na Manazi. Mengi ni ya Wayahudi.

Hili ni la Mahjub bin Adam Mohamed. Mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904.

Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe aliingia vitani bado mtoto. Mwaka 1929 akaja Berlin na baadaye akadai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ikamwambia umechelewa. Akabaki. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani kwenye jumba la starehe, akacheza filamu, ikiwemo ya 1941 ya kumsifu Carl Peters, akapewa nafasi ya mkalimani. Na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1933 akamuoa Mjerumani. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kutembea na mwanamke wa Kijerumani, hakuna kesi, moja kwa moja kambi ya Sachsenhausen. Amefia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Bamba lilikuwa jeusi kwa masizi. Nikachuchumaa, nikamwaga maji ya chupa, nikasugua kwa leso. Herufi za kwanza zikatoka: HIER WOHNTE, aliishi hapa. Kijana wa baiskeli ya kupeleka chakula akanikosa sentimita chache, akanitukana, tusi zuri tu refu. Nikasogea, nikaendelea kusugua mpaka jina likang'aa lote. Halafu nikajikuta nimesema kwa sauti: shikamoo mwalimu. Ni askari wa Dar pekee ambaye nimewahi kuona jina lake limeandikwa mahali, na nimelisomea magotini.

Karanga_Mbichi:

Mkuu hapa sasa ndiyo chai yenyewe. Mswahili afundishe chuo Berlin enzi za Hitler? Tangawizi imezidi.

Dereva_Winchi:

Karanga, Kiswahili kinafundishwa Berlin tangu 1887. Walifungua chuo cha lugha ili maofisa wanaokuja huku wajue kutuamrisha. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha hapo kabla hata Mahjub hajazaliwa. Walihitaji ulimi wetu, na ulimi haufundishwi na kitabu peke yake. Nenda kasome mwenyewe, jina nimekupa.

Karanga_Mbichi:

Sawa mkuu, nafuta kauli. Tangawizi nimeimwaga.

Nazi_ya_Pili:

Wakuu, nafanya kazi Posta hapa hapa. Leo saa ya chakula nimekwenda kumuangalia Askari kwa sababu ya huu uzi, kwa mara ya kwanza nimesimama badala ya kupita.

Singe kweli inaelekea baharini. Maandishi yapo, Kiingereza na Kiswahili, nimelazimika kujibana kuyasoma maana kuna jamaa kaegemea anauza soksi na vitambaa vya simu. Yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Nikazunguka nyuma, nikazunguka pande zote kutafuta hilo jina. Muuza soksi akaniuliza natafuta nini, nikamwambia jina la huyu askari. Akatazama juu, akatafakari kidogo, akaniambia: "Huyo? Sisi tunamwita Askari tu. Chukua soksi tatu elfu tano."

Dereva_Winchi:

Umechukua?

Nazi_ya_Pili:

Nimechukua. Moja imetoboka.